Baskeli juu ya gari: ile kamba tunamfungia nani?

Najua nimepotea. Wiki tatu sijaandika kitu, wengine mmenitumia meseji mkiuliza kama nimefukuzwa chuo. Sijafukuzwa, alhamdulillah. Nilikuwa na mitihani, halafu baada ya mitihani nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira bora asiandike. Sasa zimepungua. Wenzangu chumbani wamelala, umeme upo, basi wacha niseme langu.

Leo nataka kuzungumzia kufunga baskeli juu ya gari. Usicheke. Najua mlizoea humu tunazungumza mikopo, mahanjumati ya kantini na wale wahadhiri wanaokuja dakika kumi kabla ya kipindi kwisha. Lakini hili limenikaa rohoni, na mwisho wake utaona kuwa linakuhusu hata kama baskeli huna.

Wengi mnaijua baskeli yangu. Ni ile ya gia, matairi mapana yenye meno, rangi ya kijani iliyofifia. Niliinunua Unguja, mtumba, kwa pesa za kusomesha tuisheni likizo nzima. Nikaja nayo kwa boti mpaka Mkoani, na tangu siku hiyo ndiyo miguu yangu. Kisiwa chetu hichi anayekiita tambarare hajakipanda kwa baskeli. Unguja unaweza kwenda na baskeli ya kawaida ukasahau kama kuna kilima. Pemba unashuka bonde, unapanda, unashuka tena, na ule mlima wa kutoka bandarini Mkoani peke yake unakutosha kujua kama umekula asubuhi. Kwa hiyo gia si mapambo.

Sasa semista ilipokwisha nikataka kwenda nayo nyumbani, Kengeja. Nikaendesha mpaka Chake, hapo miguu ikaniambia basi. Nikaona gari ya Mkoani inajaza, nikasema nipakie, nishuke Mtambile, kutoka pale nimalizie mwenyewe. Mnazijua gari zetu, zile zenye mabenchi yanayotazamana na keria ya vyuma juu. Kwenye keria mlikuwa na magunia mawili, tenga la kuku, godoro la mtu na ndoo za rangi. Konda akanichaji elfu moja ya mzigo, nikampa. Kijana wake akapanda juu, akaivuta baskeli, akailaza juu ya godoro, akatoa mpira mmoja wa tyubu, akauzungusha kwenye tairi la nyuma, akafunga. Mpira mmoja. Tairi la nyuma, ambalo kazi yake duniani ni kuzunguka.

Mimi nilikuwa chini nikitazama. Nataka mlizingatie hili, kwa sababu ndilo lililonitia hasira, na hasira yenyewe si kwa konda. Nilitazama, nikaona kuwa haikukaa sawa, nikafungua mdomo kusema. Konda akapiga bodi la gari, "Twende!" Nikaufunga mdomo, nikaingia ndani nikawahi nafasi.

Tulikuwa tumeshatoka mbali, kabla ya kufika Mtambile, kwenye mteremko wenye kona. Mbele yetu akatokea ng'ombe. Dereva akakanyaga breki, sote tukaangukiana, bibi mmoja akasema "Yarabi!" Gari haikusimama kabisa, ng'ombe akapita, dereva akaongeza mwendo akaingia kona. Nikasikia juu kitu kinakwaruza. Halafu nikaona kivuli kinapita ubavuni mwa gari, na kivuli hicho kilikuwa na magurudumu mawili.

Pembeni mwa barabara kulikuwa na watoto wanatoka chuoni, namaanisha chuo cha Kurani. Watatu, wawili wako mbele, mmoja kabaki nyuma, kitoto cha kike cha miaka saba au minane, kimevaa buibui, juzuu kifuani. Baskeli ilipiga lami, ikaruka, ikaenda kuingia mtaroni. Kati ya usukani na yule mtoto palikuwa na nafasi ya mkono. Mkono wangu mimi, si wa mtu mrefu.

Hakuguswa. Alhamdulillah, narudia, hakuguswa. Kiatu kimoja tu kilimtoka kwa kuruka, akasimama pale na mguu mmoja mtupu, hata kulia hakulia. Akaikumbatia juzuu yake na kututazama.

Gari ikasimama, tukateremka. Akaja mzee mmoja kutoka shambani, panga mkononi, kanzu kaikunja kiunoni. Akaokota kile kiatu, akamvisha mtoto, akamwambia nenda kwa wenzio. Kisha akatugeukia, wala hakupiga kelele.

"Nani kafunga?"

Hapo ndugu zangu mngetuona. Konda alimwangalia kijana wake. Kijana aliniangalia mimi. Na mimi, mwanafunzi wa ualimu, mwaka wa tatu, mtu ambaye mwakani nitakabidhiwa darasa la watoto wa watu, nilimwangalia konda. Vidole vilizunguka kama tunacheza kibe.

Mzee akatikisa kichwa. "Basi haikufungwa," akasema. Akarudi zake shambani.

Neno hilo nimelala nalo siku nyingi. Basi haikufungwa. Yaani kama hakuna mtu wa kusema "mimi ndiye niliyefunga," basi hata kama mpira ulikuwepo, hakuna kilichofungwa.

Nilipofika nyumbani nikamuhadithia mjomba wangu. Yeye ni mvuvi, amekaa baharini kuliko alivyokaa nchi kavu. Nikategemea atanipa pole ya rimu iliyopinda. Akaniuliza: "Kwani weye ulikuwa unaifunga kwa ajili ya nani?" Nikasema kwa ajili ya baskeli, isianguke. Akacheka. "Baskeli ikianguka utanunua nyengine. Unaifunga kwa ajili ya aliye nyuma."

Hapa ndipo hoja yangu ilipo, na kama una haraka unaweza kuishia hapa: tunafunga mizigo vibaya kwa sababu tunadhani tunalinda mali zetu. Na mtu ana haki ya kuhatarisha mali yake, si yake? Lakini mzigo ukiwa juu ya gari si wako peke yako tena. Ni wa kila anayetembea ukingoni mwa barabara hiyo, ambaye hakupanda, hakulipa na hakuulizwa.

Mimi nasoma hesabati na fizikia, kwa hiyo niliporudi nilikaa na karatasi. Baskeli yangu ina uzito wa kama kilo 14. Gari ikienda kilomita 50 kwa saa, na kila kilicho juu yake kinakwenda mwendo huo huo, karibu mita 14 kwa sekunde. Kikichomoka hakisimami. Kutoka kwenye keria, tuseme mita mbili na nusu juu, kinachukua kiasi cha sekunde 0.7 kufika chini, na katika muda huo kinakuwa kimeshasafiri mbele karibu mita 10. Nguvu kinayokuja nayo ni sawasawa na ungeipandisha baskeli juu ya mnazi wa mita 10 ukaiachia imwangukie mtu. Nani kati yetu angekubali kusimama chini ya mnazi huo? Lakini kila siku tunawasimamisha watoto wa skuli.

Na upepo nao tusiusahau. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya upepo inazidi mara nne. Ndiyo maana mzigo uliotulia kuanzia stendi mpaka nje ya mji unaanza kucheza ukifika barabara nyeupe. Haukulegea kwa bahati mbaya. Mji ulikuwa haujaujaribu.

Mjomba alinichukua uani, pale alipoegesha pikapu ya rafiki yake, akaniambia panda ufunge nikuone. Nikafunga. Akashika usukani wa baskeli akatikisa, baskeli ikacheza. "Fungua." Nikafunga tena. Akatikisa. "Fungua." Mara ya nne akatikisa, na badala ya baskeli kucheza, ikacheza gari. "Haya," akasema, "sasa imefungwa." Hicho ndicho kipimo, wadau, wala hakitaki cheti: ukitikisa baskeli, gari itikisike. Kama baskeli inatikisika peke yake, bado hujafunga.

Wacha niwape aliyonifundisha, nikichanganya na niliyogundua mwenyewe, ili anayehitaji afaidike.

Kwanza, tazama baskeli ina kipi kisichotembea. Magurudumu yanazunguka, usukani unageuka, pedeli zinazunguka, mnyororo ndio usiseme. Kisichotembea ni fremu. Basi fremu ndiyo inayofungwa, na ifungwe sehemu mbili zilizo mbali: mbele karibu na shingo ya usukani, nyuma chini ya kiti. Ukifunga sehemu moja tu, umeitengenezea ekseli, itazunguka hapo hapo. Baada ya fremu ndiyo ufunge magurudumu, na usiyafunge kwenye keria, yafunge kwenye fremu yenyewe, ili la mbele lisigeuke na la nyuma lisizunguke. Waya wa breki usiupitishie kamba juu, utaukata au utaupinda.

Pili, kama unailaza, ilaze kwa ubavu wa kushoto. Gia na mnyororo viko kulia, na kile kidude cha gia cha nyuma ukikilalia mpaka Mkoani kitafika kimepinda, halafu utamlaumu fundi. Chini ya pedeli weka gunia au kipande cha tyubu. Na usiilaze juu ya godoro! Godoro linabonyea, kamba inalegea. Baskeli ilale juu ya chuma, godoro litafute pengine.

Tatu, kamba moja iliyopita juu kwa juu inazuia baskeli isiruke juu tu. Haizuii kwenda mbele gari ikipiga breki, wala kurudi nyuma gari ikiondoka, wala kwenda ubavuni kwenye kona. Kwa hiyo kamba zivutane, hii inavuta mbele, ile nyuma, hii kulia, ile kushoto. Zikishavutana hivyo baskeli haina pa kwenda.

Nne, kamba yenyewe. Mjomba hapendi nailoni, anasema inateleza kama mwanasiasa. Yeye anapenda kamba ya makumbi, hizi zetu, za makumbi ya nazi yanayofukiwa ufukweni miezi kadhaa, kisha akina mama wanayaponda na kuyasokota. Ina manyoya, inajishika yenyewe. Mababu zetu wa pwani hii walishona mitepe kwa kamba hizo, ubao kwa ubao bila ya msumari, na maandishi ya Kigiriki ya karne ya 1 yanataja mashua za kushona huku kwetu. Chombo kizima kilivuka bahari kikitegemea mafundo ya watu. Sisi leo baskeli moja inatushinda kuifikisha Mtambile!

Hata hivyo nailoni inafaa, ndiyo iliyojaa madukani na haiozi upesi. Ila izungushe kwenye chuma mara mbili au tatu kabla ya kupiga fundo. Mizunguko ndiyo inayobeba mzigo, fundo linashikilia tu mizunguko isifunguke. Nenda bandarini utazame boti ikifunga gati, mtu mmoja anaishika kwa kuzungusha kamba kwenye kile kichuma. Mswisi mmoja wa karne ya 18, Leonhard Euler, aliitafutia hesabu yake: kila mzunguko unaouongeza hauongezi mshiko, unauzidisha. Mjomba hamjui Euler. Matokeo ni yale yale.

Kuna na ile mbinu yake ya kukaza. Anafanya kitanzi katikati ya kamba, ncha anaipitisha kwenye chuma cha keria, anairudisha mpaka ndani ya kitanzi, halafu anavuta kuelekea chini. Ni kapi, jamani. Ile ile tuliyochora kidato cha pili bila ya kuiona. Kinadharia unavuta mara tatu ya nguvu yako, ingawa msuguano unakula sehemu kubwa. Nimesoma mashine nyepesi miaka yote hiyo, nikafaulu, na siku nilipoihitaji mashine nyepesi nilisimama chini nikitazama mpira wa tyubu.

Kuhusu mpira, sisemi utupwe. Ni mzuri kama msaidizi, unabana pale kamba inapolegea. Lakini usiwe wa kwanza wala wa pekee. Mpira ukivutwa unavutika, ndiyo tabia yake, na breki kali inauvuta. Tena tyubu iliyokaa juani inapasuka nyufa ndogo ndogo huzioni mpaka ikatike. Na ile mipira ya dukani yenye ndoano mbili, ukiifunga geuza uso pembeni. Ndoano ikichomoka inarudi usoni, na watu wameshapoteza macho.

Tano, kama inaning'inizwa nyuma ya gari, tazama mambo matatu. Taa na namba za gari zionekane. Tairi lisikae mbele ya bomba la moshi, moto wa moshi unaharibu mpira na tairi linaweza kupasuka. Na hakuna kitu kinachotokeza ubavuni kikamsubiri mwenye bodaboda.

Mwisho, simama. Ukishatembea kilomita chache, simama ukaze tena. Kamba mpya inavutika, mzigo unashuka, magunia yanajipanga. Wavuvi wanajua hili, ndiyo maana hawafungi mara moja wakalala.

Nina binamu yangu Maskati, nilimuhadithia kisa hiki, akanitumia picha ya gari yake. Kaka, ana keria maalumu ya baskeli, imepachikwa nyuma kwenye chuma cha kukokotea, ina mikono ya kubana fremu, mikanda ya magurudumu na kufuli. Nikamuonea wivu wa nusu saa. Halafu nikaitazama vizuri. Inabana fremu, inazuia magurudumu, inavuta pande zote. Yale yale ya mjomba, ila ya kwake ina rangi nyeusi na bei yake sitaki kuisema. Na binamu akaniambia katika maelekezo yake kuna uzito wa mwisho iliyoundiwa kubeba, na kuwa mikanda ikaguliwe njiani. Uingereza nako keria ikifunika namba za gari, sheria inataka ubandike namba nyengine juu ya keria. Kumbe hata wenye vyuma vya maana hawaambiwi wafunge na kusahau.

Sasa nije kwenye majibu ambayo najua mtanipa, maana nilishayasikia pale kantini.

Kuna wanaosema hiyo ni kazi ya konda, kalipwa. Kweli kalipwa, na simsafishi. Ukishapokea pesa ya mzigo umepokea na dhamana yake, na gari inayobeba mizigo bila ya kamba ya maana inafanya biashara ya kubahatisha. Lakini konda ana mizigo kumi ya watu kumi, na baskeli yangu naijua mimi, najua gia ziko wapi na kipi kinageuka. Ningesema "ngoja kidogo, hapa hapajakaa sawa," nani angenipiga? Dakika mbili! Nilinyamaza kwa kuona haya abiria wasinune. Ningeambiwa nichague baina ya abiria kununa na lile lililokaribia kumkuta yule mtoto, ningechagua nini? Ubaya wa barabarani ni kuwa huulizwi hivyo. Unaulizwa tu, "Twende?"

Wengine wanasema ajali ni kudra ya Mungu. Hapa naomba tuelewane, mimi ni Muislamu kama nyinyi na kudra naiamini. Lakini sote tulisomeshwa chuoni kisa cha yule bedui aliyemwacha ngamia wake bila ya kumfunga akidai anamtegemea Mungu, na Mtume (S.A.W) akamwambia amfunge kwanza, kisha ndiyo amtegemee. Tumekisikia mara mia. Nafikiri shida ni kuwa tunakisikia kama kisa cha ngamia. Kisa kile kiko juu ya keria ya gari ya Mkoani. Tawakal inaanza baada ya fundo, na anayeitanguliza mbele ya fundo anamsingizia Mungu uvivu wake.

Na kuna rafiki yangu mmoja, hapa chumbani, kanambia: "Wewe umeogopa tu, yaache, hakuna aliyeumia." Huyu ndiye aliyenifanya niandike. Hakuna aliyeumia, kwa hiyo hakuna ripoti, wala hakuna aliyeulizwa. Kijana wa konda kesho yake alifunga baskeli nyengine kwa mpira ule ule, maana kwake ule mpira haukushindwa, uliteleza tu. Tunasubiri nini kitufundishe?

Napendekeza mambo yanayowezekana, sitaki kuitisha mkutano. Kila mwenye baskeli awe na kamba zake mbili, mita nne nne, azizungushe chini ya kiti. Mimi ninazo sasa, na nilizinunua kwa pesa chini ya ile ya soda mbili. Wenye magari wanunue kamba kama wanavyonunua ufagio wa gari. Abiria mmoja akisema mzigo haujakaa sawa, tusimzomee, tumngoje. Na konda akimaliza kufunga, aulizwe kwa adabu tu: "Kaka, nani kafunga?" Awepo mtu wa kusema mimi.

Na sisi tunaosomea ualimu, tuna deni kubwa zaidi. Tutakwenda kuwafundisha watoto wa Konde, wa Kengeja, wa Micheweni msuguano ni nini na kapi ni nini. Watoto ambao baba zao wanafunga ngalawa kila alfajiri! Tutawachorea kapi ubaoni, watakopi, watafaulu, na siku moja watasimama chini ya gari wakitazama mpira wa tyubu wakinyamaza, kama mwalimu wao. Mimi nimeshaamua. Somo langu la kwanza la mashine nyepesi, insha'Allah, nakuja na baskeli na kamba, tunatoka nje, tunafunga mpaka gari ya mwalimu mkuu itikisike. Akinikemea mtanisaidia kumuelezea.

Rimu imenyooshwa, si sawasawa lakini inakwenda. Kurudi chuoni niliipakia tena, gari nyengine. Nikapanda juu mwenyewe, nikafunga mafundo yangu manne, nikatikisa, gari ikatikisika. Abiria wakanuna. Bibi mmoja akaniambia, "Mwanangu, unafunga meli?" Nikamwambia, "Kunradhi bibi, dakika moja." Tulipopita kwenye ile kona nikachungulia nje. Walikuwepo watoto wengine wanatembea na mabegi yao, wala hawakutazama juu.

Naomba kutoa hoja. Mwenye fundo bora kuliko la mjomba alete, tujaribu pale nje ya bweni. Usiku mwema.